Nani Hujibiwa Akisema: Sura za Watu katika La Grande Illusion

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa filamu, na ndugu zangu wote mliobaki vitini baada ya taa kuwashwa, nawashukuru. Najua muda umekwenda, na filamu tuliyoitazama si nyepesi: haina rangi, inazungumza lugha kadhaa, na ingawa ni filamu ya vita haituonyeshi pigano hata moja. Nimeombwa nizungumzie uwakilishi, yaani nani ameonyeshwa, nani ameachwa, na aliyeonyeshwa amepewa nini. Ningeweza kuchagua filamu mbaya iliyojaa dharau, tukaisulubu hapa jioni nzima, tukarudi nyumbani tumeridhika. Nimeikataa njia hiyo. La Grande Illusion naipenda. Naihesabu miongoni mwa filamu zenye utu mkubwa zilizowahi kutoka Ufaransa, na kwa sababu hiyo hiyo nataka tuikague bila kuionea haya.

Kwa atakayesoma maneno haya bila kuiona: ni Vita Kuu ya Kwanza. Ndege ya upelelezi ya Wafaransa inaangushwa na maafisa wawili wanatekwa, Kapteni de Boeldieu, kabaila, na Luteni Maréchal, fundi makanika wa Paris. Wanahamishwa kambi baada ya kambi mpaka wanafikishwa kwenye ngome ya Wintersborn, iliyo chini ya von Rauffenstein, yule yule rubani wa Kijerumani aliyewaangusha. Mwishowe Boeldieu anautoa uhai wake ili Maréchal na mateka mwingine, Luteni Rosenthal, wapate kutoroka.

Mwongozaji wake, Jean Renoir, alikuwa rubani wa upelelezi katika vita hivyo. Koti la kijeshi alilovaa Jean Gabin, anayeigiza Maréchal, lilikuwa la Renoir mwenyewe. Filamu ilitoka Paris Juni 1937, na tarehe hiyo ina uzito. Mwaka mmoja nyuma Léon Blum alikuwa Myahudi wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, na miezi michache kabla hajashika madaraka, watu wa mrengo wa kulia walimvamia barabarani Paris wakampiga vibaya. Juni ile ile ya 1937 serikali yake ikaanguka. Ng'ambo ya mpaka Hitler alikuwa ametimiza miaka minne madarakani. Katika hali hiyo Renoir akaamua kwamba mmoja wa mateka wake, mtu wa kubaki naye mpaka picha ya mwisho, awe Myahudi.

Tumwangalie Rosenthal vizuri, maana hapa ndipo filamu inaponifundisha zaidi. Jambo la kwanza tunalolijua juu yake ni chakula. Vifurushi vinamfikia kutoka kwao, vyenye vyakula vizuri kuliko wanavyokula Wajerumani wanaomlinda, naye anawalisha wenzake wote. Tayari pana hatari hapo. Myahudi tajiri mwenye kila kitu ni mchoro uliokuwa ukichapwa kwenye magazeti ya chuki miaka nenda miaka rudi. Renoir haukwepi mchoro huo. Anauchukua, kisha anampa Rosenthal mwenyewe nafasi ya kuusemea. Wenzake wanapomhoji kuhusu asili yake anawaeleza: alizaliwa Vienna, mama Mdenishi, baba Mpolandi, wakapata uraia wa Ufaransa. Maréchal anamtania kwamba basi huo ni ukoo wa kale wa Brittany, jimbo la Ufaransa. Rosenthal hanywei. Anawajibu kwamba wao, Wafaransa wa asili na asili, hawamiliki hata mita mia moja za mraba za nchi yao, ilhali akina Rosenthal ndani ya miaka 35 wamejipatia makasri matatu ya kihistoria, pamoja na maeneo ya kuwindia, mashamba, na hata picha za mababu ukutani. Ni jibu la mtu aliyekwisha kusikia utani huo tangu utotoni. Lina majivuno, lina uchungu, na lina akili. Hakuwekwa pale awe mzuri. Amewekwa pale awe mtu.

Halafu kuna safari ya kutoroka. Wanatembea usiku kwa usiku katika baridi kali, wana njaa, na Rosenthal ameteguka kifundo cha mguu. Maréchal uvumilivu unamwisha, anamlipukia, na katika hasira linamtoka neno ambalo huenda lilikaa moyoni mwake siku zote: kwamba hakuwahi kuwapenda Wayahudi. Rosenthal anamwambia amechelewa sana kuligundua hilo. Maréchal anaondoka. Rosenthal, ameketi juu ya jiwe, anaanza kuimba kwa hasira wimbo wa watoto wa Kifaransa kuhusu jahazi dogo, na kule mbele Maréchal naye anajikuta anauimba huku akitembea. Kamera inabaki na Rosenthal. Kisha koti la Maréchal linaingia tena pembeni mwa picha. Haombi radhi. Anamshika mwenzake mkono, wanaendelea.

Naomba mlione jambo alilofanya Renoir hapo. Jean Gabin ndiye aliyekuwa kipenzi cha watazamaji wa Ufaransa, na maneno ya chuki amewekewa yeye mdomoni, shujaa wetu. Hakupewa Mjerumani katili wala mtu mbaya ambaye tungemchukia tukajiona tumetakata. Mtazamaji wa Paris mwaka 1937 aliyempenda Gabin alilazimika kuisikia sauti ya mtaani kwake ikitoka kwa mtu anayempenda. Na Myahudi akajibu. Kila anapoguswa Rosenthal anajibu, kwa maneno, kwa wimbo, kwa kununa. Hata wakati wa kuagana karibu na mpaka wa Uswisi wanatukanana kwa mapenzi, na neno la Maréchal ni tusi lile lile la Myahudi, sasa likiwa limechujwa na yote waliyopitia. Wako wanaosema tusi hilo halichujiki. Nawaelewa. Kwangu mimi sehemu hiyo inasimama kwa sababu Rosenthal naye anarudisha lake papo hapo.

Nyuma ya skrini mambo yalikuwa mazito kuliko mbele yake. Aliyeigiza Rosenthal ni Marcel Dalio, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Israel Moshe Blauschild, mwana wa Wayahudi waliohamia Paris kutoka Romania. Majeshi ya Hitler yalipoingia Ufaransa mwaka 1940 alikimbia, na hatimaye akafika Marekani. Wanazi waliuchukua uso wake wakaubandika kwenye matangazo kama mfano wa kumtambulisha Myahudi kwa wapita njia. Wazazi wake walifia kambini. Na yule von Rauffenstein, kabaila wa Kijerumani mwenye shingo iliyofungwa chuma na glavu nyeupe? Aliyemwigiza, Erich von Stroheim, alizaliwa Vienna katika familia ya Kiyahudi ya mfanyabiashara wa kofia, akajipa ukabaila alipohamia Marekani. Kwa hiyo katika filamu ambayo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliiita adui namba moja wa sinema, Mprusi halisi kuliko Waprusi wote aliigizwa na Myahudi. Sijui hoja gani dhidi ya habari za damu na asili inayoweza kulishinda hilo.

Kuhusu matabaka nitapita haraka, kwa kuwa vitabu vingi vya sinema vimelimaliza suala hilo: makabaila wawili, Mfaransa na Mjerumani, wanaelewana kuliko kila mmoja anavyoelewana na watu wake, na wakitaka faragha wanazungumza Kiingereza. Tukio linalonigusa zaidi katika upande wa lugha ni jingine. Mateka wa Kifaransa wamechimba handaki kwa miezi, wakificha udongo na kuutawanya bustanini. Handaki linakaribia kukamilika, ndipo amri inakuja wahame. Maréchal anapishana na Waingereza wanaoingia kulala chumba kile kile. Anajaribu kuwaambia kwamba kuna shimo pale chini. Hajui Kiingereza, nao Kifaransa hawajui, na mlinzi anamsukuma aende zake. Uhuru wa watu wale umepotea kwa sababu ya sentensi moja.

Sasa twende mahali ambapo filamu hii inaniumiza.

Mnakumbuka onyesho la burudani kambini, wanajeshi wakiwa wamevaa magauni jukwaani. Habari inafika kwamba ngome ya Douaumont, huko Verdun, Ufaransa, imerudi mikononi mwa Wafaransa. Maréchal anapanda jukwaani kutangaza. Mwingereza aliyevaa kama mwanamke anavua nywele za bandia, anaiomba bendi ipige Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, na ukumbi mzima unasimama mbele ya maafisa wa Kijerumani. Mimi husisimka mwili kila ninapoiona sehemu hii, na nimewaona baadhi yenu leo mkifuta macho.

Filamu haikuifuata kalenda ya vita. Katika historia, Wajerumani waliiteka Douaumont Februari 1916, na ikarudishwa kwa Wafaransa tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo. Waliorudisha ni nani? Ni Kikosi cha Askari wa Miguu wa Kikoloni wa Moroko, ambacho licha ya jina lake kilijaa Wafaransa, kikiwa kimeongezewa nguvu na Batalioni ya 43 ya Wasenegali na kombania mbili za Wasomali. Hilo si jambo la kunong'onezana. Limo katika tamko la heshima ambalo jeshi la Ufaransa lenyewe lilikitolea kikosi hicho. Wasomali hao waliandikishwa Djibouti, wakapelekwa Madagaska kuunda batalioni, kisha wakavushwa bahari mpaka kwenye tope la Verdun. Ni watu wa pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi. Ushindi ambao wimbo ule unausherehekea ni wao pia walioununua, na katika ukumbi wa Renoir hakuna sauti inayowataja wala uso unaowakumbusha. Marseillaise inaimbwa na Wafaransa na Waingereza, kamera inazunguka nyuso zao, tukio linaisha.

Simlaumu Renoir kwa ubaya wa moyo. Huo moyo hakuwa nao. Namlaumu kwa kutokuona, tena yeye aliyekuwa na jicho la kuona vitu vidogo kuliko hivyo.

Na kwamba hakuwa amewasahau kabisa, tunalo ushahidi ndani ya Wintersborn. Chumbani, miongoni mwa maafisa, yumo afisa mmoja mweusi. Mwigizaji wake ni Habib Benglia, aliyezaliwa Oran mwaka 1895, mtu aliyekwisha kuigiza nafasi kuu katika jukwaa la Odéon, Paris, mwaka 1923, katika tamthilia ya Eugene O'Neill. Hakuwa mtu wa kuokotwa mtaani kujaza picha. Alikuwa msanii mkubwa. Amepewa nini? Ameketi mezani, amevaa sare sawa na wenzake, anachora. Wengine wanapanga kutoroka. Anamaliza mchoro wake, anaeleza kwamba ni Haki ikiufukuza Uhalifu. Maréchal anautupia jicho, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mambo ya maana kwao. Basi. Hatumjui jina, wala alikotoka, wala kama anaye mtu anayemngoja nyumbani. Katika orodha za waigizaji anaitwa Msenegali.

Wapo wataalamu wanaodai Renoir alifanya hivyo kwa makusudi, kwamba kile kichwa cha mchoro ni kejeli, na kwamba kule kutojali kwa wenzake ndiko alikotaka tukuone. Inawezekana. Mchoro wenye jina hilo, mkononi mwa mtu wa koloni, hauwezi kuwa wa bahati nasibu. Lakini hata tukikubali, linganisheni na Rosenthal. Rosenthal alipopuuzwa alipewa sentensi ya pili. Benglia hakupewa. Mwongozaji anayeuona upuuzaji na kuuacha jinsi ulivyo, bila kumrudia aliyepuuzwa, amefanya nusu ya kazi.

Haki ya Renoir naye nimpe. Mwaka 1937, askari mweusi aliyejulikana zaidi katika majiko ya Ufaransa alikuwa yule wa boksi la Banania, unga wa kinywaji wa kakao na ndizi: kofia nyekundu, meno nje, Kifaransa kilichovunjwa. Tangazo hilo lilianza mwaka 1915, vita vikiendelea. Miaka sita kabla ya filamu yetu, Paris ilikuwa imeandaa Maonyesho makubwa ya Kikoloni ambako watu wa makoloni walikuwa sehemu ya vitu vya kutazamwa. Katika nchi hiyo, kumweka mtu mweusi chumba kimoja na maafisa wazungu, bila kumchekesha, bila kumdhalilisha, kilikuwa kitendo cha heshima. Nakikubali. Nasema tu hakikutosha, na nitawaonyesha kwa mtu halisi kwa nini hakikutosha.

Katika chumba hicho hicho yupo mateka mwingine, Demolder, msomi anayehangaika kumtafsiri Pindar, mshairi wa Kigiriki wa kale. Huyo ni mzungu, naye pia wenzake wanamwona wa ajabu, ila angalau Rauffenstein mwenyewe anasimama mbele ya kitabu chake. Kwa hiyo katika kugawa kazi za chumbani, Kigiriki kilikwenda kwa Mfaransa na kalamu ya kuchorea ikaenda kwa Msenegali. Sasa, miaka miwili kabla filamu haijatoka, yaani 1935, Msenegali mmoja alikuwa amefaulu Ufaransa mtihani mgumu kabisa wa walimu wa sarufi, akawa anawafundisha watoto wa mji wa Tours Kilatini na Kigiriki. Juni 1940 akatekwa na Wajerumani akiwa askari wa miguu wa kikoloni, akakaa kambini mpaka 1942, akisoma na kuandika mashairi humo. Léopold Sédar Senghor, baadaye rais wa kwanza wa Senegal. Katika mashairi ya miaka ile ndimo aliposema ataking'oa kicheko cha Banania kutoka kuta zote za Ufaransa. Mateka mweusi mwenye Pindar kichwani alikuwepo nchini humo humo wakati kamera ya Renoir ikizunguka. Aliyekosekana ni mtu wa kumfikiria.

Na sisi tuliokaa hapa Dar es Salaam tusilisikilize hili kama habari ya wenzetu. Vita hivyo hivyo vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa katika ardhi yetu, na mtaa wa Kariakoo umebeba mpaka leo jina la wapagazi wa jeshi la Waingereza. Zaidi ya 90,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 imeandikwa, kwa maneno ya Rudyard Kipling, kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Majina ya wapagazi hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo, wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Yule Msenegali asiye na jina pale mezani Wintersborn ana jamaa wengi hapa.

Mwanamke pia nimtaje, nisije nikatenda kosa lile lile. Elsa, mkulima wa Kijerumani anayewahifadhi watoro wetu, anatokea filamu ikikaribia kwisha. Lugha yake Maréchal haielewi. Anaonyesha picha ukutani: mume kauawa Verdun, ndugu zake wameuawa Liège, Charleroi na Tannenberg, huko ambako Wajerumani wanahesabu ushindi wao mkubwa. Kisha anatazama meza ya kulia chakula na kusema imekuwa kubwa mno. Ana dakika chache tu, na katika dakika hizo amepewa jina, hasara, meza, na neno lake mwenyewe la kuipima vita. Mnaona kwamba Renoir aliweza. Ukiwa na nia, haihitaji saa nzima kumpa mtu uzima wake.

Waliokuja kumjibu Renoir ni Waafrika wenyewe. Mwaka 1988 Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow walitoa Camp de Thiaroye. Nayo ni filamu ya mateka: askari wa Kiafrika waliokuwa wametekwa na Wajerumani, wakarudishwa Senegal, wakadai malimbikizo ya mishahara yao, na alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 wakapigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Serikali ya Ufaransa ilitaja wafu 35, idadi ambayo wanahistoria wameipinga kwa miaka mingi. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice, tamasha lile lile lililompa tuzo Renoir mwaka 1937. Humo ndani kila askari ana jina, ana lugha, ana nchi, na wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Nendeni mkaitafute.

Kwa wale wanaouliza, na swali hili huulizwa kila mara, kama mambo haya ya nani kaonyeshwa kwenye filamu yana faida yoyote kwa mtu mwenye njaa, nawapa mfano wa Indigènes ya Rachid Bouchareb, ya mwaka 2006, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Pensheni za askari wa makoloni zilikuwa zimegandishwa tangu 1959: mzee wa Kifaransa na mzee wa Kiafrika waliopigana handaki moja wakilipwa viwango tofauti kabisa. Maveterani walilalamika miaka mingi, hawakusikilizwa. Rais Jacques Chirac akaitazama filamu, na Septemba 2006, siku ile ile ilipoingia kwenye majumba ya sinema, serikali ikatangaza kuzipandisha pensheni za maveterani wapatao 80,000 wa nchi zaidi ya 20. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walipata fedha mkononi.

Wanafunzi, habari za wale Wasomali wa Djibouti waliopanda Douaumont siku ile ya Oktoba 1916 zimo katika kumbukumbu za jeshi, na si siri. Ni hadithi inayoanzia bandarini kwetu, inapita Madagaska, na kuishia Verdun. Atakayeanza kuiandikia muswada, hata kama ni kurasa kumi, aniletee nami nitausoma. Ahsanteni sana, nayakaribisha maswali.